Cicely Tyson: Mwigizaji aliyejenga jina kwa kukataa

Mwaka 1959 mwanamke mmoja aliingia kwa kinyozi mtaani Harlem, New York, akaomba akatwe nywele. Zilikuwa zimenyooshwa, kama ilivyompasa kila mwanamke mweusi wa Marekani aliyetaka kuonekana nadhifu, seuze aliyetaka kuonekana kwenye televisheni. Alikuwa amepata kazi katika mchezo wa CBS, acheze kama mwanamke wa Kiafrika, na hakuona vipi mwanamke huyo awe na nywele zilizochomwa kwa chanuo la moto. Alitoka pale na kipilipili kifupi, akajitanda kitambaa kichwani, akaenda studio. Alipokifungua, mwongozaji hakumkaripia. Kumbe naye alitamani hivyohivyo, ila alikosa ujasiri wa kumwambia.

Huyo ndiye Cicely Tyson. Alifariki dunia Januari 28, 2021, akiwa na umri wa miaka 96, baada ya kuigiza kwa zaidi ya miongo sita. Wapo waigizaji waliocheza filamu nyingi kuliko yeye. Wachache walijua kusema hapana kama yeye, na historia ya maisha yake haieleweki bila hiyo hapana.

Alizaliwa New York Desemba 19, 1924, kwa wazazi waliohamia Marekani kutoka Nevis, kisiwa kidogo cha Karibi. Baba alikuwa fundi seremala, mama akifanya kazi za ndani katika nyumba za watu. Mama huyo alikuwa mcha Mungu wa kweli: sinema kwake ilikuwa mlango wa dhambi, na watoto walilelewa kanisani, si mbele ya pazia la sinema. Cicely alikua, akaajiriwa na Shirika la Msalaba Mwekundu kama katibu muhtasi. Siku moja aliinuka kwenye mashine ya kuchapia, akawatangazia wenzake kwamba Mungu hakumleta duniani kuja kugonga vitufe maisha yake yote. Alianza na uanamitindo, picha zake zikatoka kwenye jarida la Ebony, kisha akaingia kwenye uigizaji. Mama alipopata habari alimfukuza nyumbani, na wakakaa muda mrefu bila kusemezana. Walikuja kupatana baada ya mama kumwona bintiye jukwaani.

Jukwaa ndilo lililomfunza kazi. Mei 1961, katika ukumbi wa St. Mark's Playhouse mjini New York, ulifunguliwa mchezo wa The Blacks wa Mfaransa Jean Genet. Orodha ya waigizaji wake leo inasomeka kama orodha ya mashujaa: James Earl Jones, Maya Angelou, Louis Gossett Jr., Roscoe Lee Browne, na Tyson mwenyewe. Mchezo ulionyeshwa mara 1,408. Kwa kizazi kizima cha waigizaji weusi ambao majumba makubwa ya Broadway hayakuwa na nafasi nao, ukumbi ule mdogo ulikuwa chuo. Walipata ujira na mazoezi, na kila usiku walikuwa na watazamaji wa kuwapima.

Jukwaa lilimpa ufundi, televisheni ikampa umma. Mwaka 1963 alipata nafasi ya kudumu katika East Side/West Side, tamthilia ya CBS kuhusu ofisi ya ustawi wa jamii, akiwa pamoja na George C. Scott. Alicheza kama Jane Foster, katibu muhtasi wa ofisi hiyo. Cheo hicho kinaweza kuonekana kidogo, lakini televisheni ya wakati ule ilimjua mwanamke mweusi kama mpishi au yaya tu. Jane Foster alikuwa msomi, anakaa mezani pake, anatoa maoni, na kichwani ana kipilipili chake. Tyson alisimulia baadaye kwamba wasusi wa pande mbalimbali za nchi walimwandikia wakilalamika anawaharibia biashara, maana wateja wanataka kukatwa nywele kama zake. Tamthilia hiyo ilidumu msimu mmoja tu.

Baada ya hapo kukataa kwake kulipata sura ya msimamo. Mwaka 1972 alicheza katika Sounder, filamu ya Martin Ritt, kama Rebecca, mke wa mkulima maskini wa Louisiana anayefungwa kwa kuiba chakula cha kulisha familia. Alipokuwa akizunguka kuitangaza filamu hiyo, mwandishi mmoja mzungu alimweleza kwamba alishtuka kumsikia mtoto mweusi wa kwenye filamu akimwita baba yake kwa jina lilelile la mapenzi ambalo watoto wake wa kuzaa humwita yeye. Mtu mzima, msomi, hakuwa amefikiria kwamba mapenzi ya mtoto na baba ni yaleyale kwa kila rangi. Tyson aliamua kwamba kuanzia hapo kila atakayemcheza lazima awe binadamu kamili. Hollywood wakati huo ilikuwa ikichuma fedha kwa filamu za makahaba, wauza dawa na majambazi weusi. Alizikataa.

Sounder ilimfikisha kwenye kinyang'anyiro cha Oscar ya mwigizaji bora wa kike. Januari 1974 CBS ikaonyesha The Autobiography of Miss Jane Pittman, kutokana na riwaya ya Ernest J. Gaines. Jane anazaliwa utumwani, anaishi hadi miaka 110, na anakutana na vuguvugu la haki za kiraia. Tyson, aliyekuwa na miaka 49, alimcheza tangu ujanani hadi ukongwe. Mafundi wa vipodozi Stan Winston na Rick Baker walimbandika mikunjo ya ngozi kwa saa nyingi, lakini uzee wenyewe aliubeba yeye: mgongo, pumzi, mkono unaotafuta mkongojo. Karibu na mwisho, bibi kizee anakwenda kwenye bomba la maji lililotengwa kwa ajili ya wazungu. Mwendo ni wa hatua mojamoja, askari wanamtazama, na hakuna anayehimiza. Anafika, anainama, anakunywa, anageuka kurudi. Hakuna hotuba. Kwa kazi hiyo Tyson alipata tuzo mbili za Emmy.

Mwaka 1977 alikuwa Binta, mama yake Kunta Kinte, katika Roots, tamthilia iliyoifanya Marekani nzima ikae mbele ya televisheni. Mwaka uliofuata alicheza kama Coretta Scott King, mke wa Martin Luther King, na pia kama Harriet Tubman, yule mama aliyewatorosha watumwa.

Lakini msimamo haulipi kodi ya nyumba. Kati ya kazi moja na nyingine zilipita nyakati ndefu za ukimya, na mialiko ya filamu kubwa iliyotarajiwa baada ya Sounder haikumiminika. Broadway nayo ilikaa miaka 30 bila kumwona, tangu 1983. Aliporudi, mwaka 2013, alirudi na The Trip to Bountiful wa Horton Foote, mchezo wa bibi anayetoroka mjini ili aione tena nyumba aliyokulia. Bibi huyo huimba wimbo wa kanisani, na watazamaji wakawa wanaitikia pamoja naye kutoka vitini, jambo geni kabisa Broadway. Binti wa mama yule mcha Mungu alikuwa ameugeuza ukumbi kuwa ibada. Alipewa tuzo ya Tony akiwa na miaka 88. Mwaka 2015 akasimama tena na James Earl Jones, mwenzake wa The Blacks, katika The Gin Game.

Mwaka 2016 Rais Obama alimvisha Nishani ya Rais ya Uhuru, na 2018 akawa mwanamke mweusi wa kwanza kupewa Oscar ya heshima. Kitabu chake cha maisha, Just As I Am, kilitoka siku mbili kabla ya kifo chake.

Kazi yake ipimwe kwa waliomfuata. Mwaka 2014 Viola Davis, akicheza kama wakili katika How to Get Away with Murder, aliketi mbele ya kioo, akavua wigi na kufuta vipodozi, kamera ikimtazama. Mwaka uliofuata waandaaji walipotafuta wa kuwa mama wa wakili huyo, walimwita Tyson, naye akakubali.