Majumba ya Buganda katika Michoro ya Grant

Nyumba ya mawe ikianguka huacha gofu; nyumba ya matete na nyasi ikianguka huacha uwanja mtupu. Mgeni wa Kilwa aweza kuzigusa kuta za kale kwa mkono wake. Lakini jumba ambamo Kabaka Mutesa wa Kwanza aliwapokea wageni mwaka 1862 hatuwezi kuligusa. Twalijua kwa masimulizi, kwa maandishi, na kwa michoro.

Michoro tunayoikusudia hapa ni ya James Augustus Grant, Mskoti aliyekuwa afisa wa jeshi katika India. Alifuatana na John Hanning Speke katika safari ya kutafuta chanzo cha mto Nile. Speke alifika kwa Kabaka mwezi wa Februari 1862. Grant, aliyebaki Karagwe kwa ugonjwa wa mguu, aliwasili mwezi wa Mei. Popote alipopita alichora watu, mimea na makazi. Kazi zake zimehifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Uskoti mjini Edinburgh, na nyingi ya picha za kitabu cha Speke cha mwaka 1863 zilitokana nazo.

Speke aeleza kilima kizima kilichofunikwa kwa nyumba kubwa mno, pamoja na nyua za matete marefu ya rangi ya manjano. Mchoro huongeza yale ambayo maelezo huyapita upesi: umbo la paa, kimo cha ua, na ukubwa wa mtu aliyesimama karibu na mlango. Hata hivyo, shahidi huyu hana budi kuhojiwa. Picha za kitabuni zilichongwa upya Ulaya ili zipigwe chapa. Baadhi yake zilitengenezwa na Johann Baptist Zwecker huko London, na yeye hakuwapo Buganda. Basi anayezitazama na ajiulize: ni kipi alichokiona Grant, na ni kipi alichokitia fundi ili kumpendeza msomaji wa Kiingereza?

Tena, kuna jambo ambalo kalamu ya mchoraji haikuweza kulinasa, nalo latuhusu sisi walimu wa lugha. Ndani ya nyua hizo Kiswahili kilisikika. Speke alisema na Sidi Mubarak Bombay kwa Kihindustani. Bombay akayapeleka maneno kwa Kiswahili. Ndipo yakageuzwa kuwa Kiganda. Picha yatuonyesha baraza, lakini haitusikilizishi mazungumzo yake.

Upungufu huo ulidhihirika tena Kasubi. Huko Mutesa alijenga jumba mwaka 1882, na alipofariki mwaka 1884 alizikwa humo. Makabaka watatu waliomfuata wakaja kulazwa papo hapo. Nyumba hiyo kuu, iitwayo Muzibu Azaala Mpanga, iliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001. Usiku wa tarehe 16 Machi 2010 iliteketea kwa moto. Ilipobidi kuijenga upya, picha zilisaidia kuonyesha umbo. Lakini picha haimfundishi mtu kuezeka. Kazi ya kuezeka ni ya ukoo wa Ngeye, yaani mbega, na mapambo ya mizingo 52 ya ndani ya paa, inayowakilisha koo za Buganda, ni ya ukoo wa Ngo, yaani chui. Ujuzi huo hukaa mikononi na vinywani mwa wazee. Ni kwa kazi ya muda mrefu tu ambapo mwaka 2023 mahali hapo paliondolewa katika orodha ya urithi ulio hatarini.

Kwa hiyo twatoa shauri hili kwa walimu wenzetu. Wapelekeni wanafunzi kwenye nyumba kongwe iliyo karibu na shule, wakaichore. Kisha wamwulize mzee wa hapo jina la kila kiungo chake: nguzo, boriti, fito, kamba, nyasi, na kizingiti. Majina hayo yaandikwe pembeni mwa mchoro, kwa lugha ya nyumbani na kwa Kiswahili. Grant alituachia umbo, nasi twashukuru. Tukiwaachia watoto wetu umbo pamoja na maneno yake, siku paa litakapoanguka watajua pa kuanzia kulisimamisha tena.