Nani Aliyeifua Sime?

Rafiki yangu mmoja, mpanda milima, alinitumia picha ya kisu alichoagiza ng'ambo. Kimefuliwa kwa mkono, kwa vipimo alivyotaka yeye, cha kukatia kuni na kuchunia nyama porini. Karibu na mpini pamegongwa alama ya mhunzi aliyekitengeneza. Bei sitaitaja, mama yake anaweza kupita hapa akasoma. Mimi nikawa najiuliza, kwani sisi hatuna kisu cha porini kilichofuliwa kwa mkono?

Tunacho, na wengi wetu tunakiona kila siku kiunoni kwa mlinzi wa Kimasai getini. Ni sime, wenyewe wanaiita olalem. Ina makali pande zote mbili, nyembamba karibu na mpini halafu inapanuka kuelekea nchani, kwa hiyo uzito unakaa mbele na pigo moja linaangusha tawi. Ala yake ni ngozi ya ng'ombe iliyopakwa rangi nyekundu. Kazi zake ni kukata miiba ya boma, kufyeka njia, kuchinja, na zamani vita.

Sasa njoo kwa aliyeifua. Katika jamii ya Wamasai wahunzi walikuwa kundi la peke yao, Ilkunono. Wachunga ng'ombe hawakuoa binti zao wala hawakuwaoza wa kwao. A. C. Hollis, ofisa wa serikali ya kikoloni ya Uingereza, alichapisha kitabu kuhusu Wamasai mwaka 1905. Humo anaeleza kwamba mtu akipokea mkuki au sime iliyoshikwa na mhunzi, kwanza anajipaka mafuta mkononi. Kuishika kwa mkono mkavu ilikuwa haifai.

Hebu fikiria hapo kidogo. Moran hawezi kwenda popote bila silaha. Simba, wezi wa mifugo, vita, vyote vinangoja chuma cha yule mtu. Lakini mkono wa yule mtu ni mchafu! Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba mhunzi anatengeneza vitu vya kumwaga damu, hivyo laana inamfuata yeye. Mimi maelezo haya hayanitoshi. Anayemwaga damu ni aliyeshika sime, na huyo ndiye anayeimbiwa nyimbo za sifa.

Tena usiniambie kwamba ndivyo Waafrika wote walivyowaona wahunzi. Vuka tu uende milima ya Upare, si mbali na nyika hiyo hiyo ya Wamasai. Kule Ugweno, ambako leo ni wilaya ya Mwanga, chuma kilifuliwa kwa wingi na Wachaga walikifuata huko. Profesa Isaria Kimambo, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu historia ya siasa ya Wapare, anaeleza kwamba ukoo wa wahunzi, Washana, ndio uliokuwa ukitawala. Aliyekuwa na moto na nyundo alikuwa na nchi. Baadaye, kwenye karne ya 16 hivi, ukoo wa Wasuya chini ya Angovi ukawapindua. Washana wakapoteza utawala, lakini kazi ya kufua wakabaki nayo. Nani mwingine angeiweza?

Kwa hiyo milimani mhunzi alikuwa mtawala, na nyikani mtu wa kupakiwa mafuta. Chuma ni kile kile.

Siku hizi mhunzi hahitaji tena kuyeyusha mawe. Sime nyingi zinafuliwa kutoka springi za magari mabovu. Springi ni chuma kigumu kinachokubali kupinda bila kuvunjika, na ndiyo sifa inayotakiwa kwenye kisu cha kazi. Anaipasha moto wa mkaa, viriba vinapuliza, anaigonga mpaka umbo litoke, kisha anainoa. Nimeshashika sime kadhaa, mpya na za zamani. Kwenye hata moja sikuona alama ya aliyeifua.