Ngisi anayeruka: kwa nini mnyama wa majini hupaa angani?

Mabaharia wanaovuka bahari kuu wamekuwa wakisimulia jambo moja tangu zamani: unaamka asubuhi, unakuta ngisi wamelala sitahani. Hakuna aliyewavua. Wengi waliosikia habari hizo walidhani ni mawimbi ya usiku yaliyowarusha.

Mwaka 1947, Thor Heyerdahl wa Norwe na wenzake watano walivuka Bahari ya Pasifiki kutoka Peru kwa chelezo cha magogo kilichoitwa Kon-Tiki. Safari ilichukua siku 101. Njiani walimkuta ngisi juu ya paa la kibanda chao, mahali ambapo si rahisi wimbi kumfikisha. Baadaye waliwaona ngisi kwa macho yao, wakipita angani.

Leo picha za kamera zimethibitisha kwamba mabaharia walisema kweli.

Ngisi ni mnyama gani?

Ngisi si samaki. Hana mifupa wala magamba. Ni jamaa ya pweza, na kwa mbali ni ndugu wa konokono na chaza. Ana mikono 8 na minyiri 2 mirefu ya kunasia chakula. Mwili wake ni kama mfuko mrefu wa nyama, na mwishoni mwa mfuko huo, upande ulio mbali na kichwa, kuna mapezi mawili mapana. Chini ya kichwa ana mrija mfupi anaoweza kuugeuza.

Anarukaje bila mabawa?

Chukua puto, lijaze hewa, kisha liachie bila kulifunga mdomo. Hewa inatoka upande mmoja, puto linakimbilia upande wa pili. Ngisi anatumia nguvu hiyohiyo, ila yeye anatumia maji. Anavuta maji ndani ya mfuko wa mwili wake, anaubana kwa nguvu, na maji yanachomoka kupitia ule mrija. Mwili unasukumwa kinyume, mapezi yakitangulia na kichwa kikifuata nyuma.

Akitaka kuruka, hufanya hivi:

1. Huogelea kwa kasi kuelekea juu, mwili ukiwa umenyooka na mapezi yamekunjwa, mpaka anatoboa uso wa maji.
2. Akiwa hewani, anaendelea kupuliza maji yaliyobaki mwilini. Hivyo anazidi kusukumwa hata baada ya kutoka baharini.
3. Anatandaza mapezi yawe kama bawa la mbele. Mikono nayo anaitanua, na ngozi nyembamba kati ya mikono inakuwa bawa la nyuma. Sasa anaelea juu ya hewa.
4. Mwishoni anakunja mapezi na mikono, kisha anaingia majini akiwa amejikusanya ili asijigonge.

Maji aliyobeba yakiisha, hawezi kujijaza tena akiwa angani. Ndiyo maana safari yake ni fupi.

Waliomwona wamesema nini?

Mwaka 2001, wanasayansi Silvia Maciá na Michael Robinson walikuwa kwenye mashua karibu na pwani ya Jamaika. Walimwona ngisi wa miambani, mwenye urefu wa kama sentimita 20, akipanda hadi mita 2 juu ya maji na kwenda mita 10 hivi.

Mwezi Julai 2011, watafiti wa Chuo Kikuu cha Hokkaido cha Japani, wakiongozwa na Jun Yamamoto, walikuwa baharini yapata kilomita 600 mashariki ya Tokyo. Kundi la ngisi wapatao 100 liliruka mbele ya meli yao, nao wakapiga picha mfululizo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Ngisi hao walikaa hewani kama sekunde 3, na wangeweza kufika umbali wa mita 30, karibu theluthi ya uwanja wa mpira. Kasi yao ilifika mita 11.2 kwa sekunde, sawa na kilomita 40 kwa saa. Ni mwendo wa bodaboda kwenye barabara ya vumbi.

Kwa nini anaruka?

Sababu ya kwanza ni kuokoa maisha. Ngisi anawindwa na jodari, nduaro, pomboo na wengine wengi. Anapotoka majini, adui anapoteza shabaha: anabaki chini akitafuta, huku ngisi akiangukia mahali pengine. Meli kubwa inayokaribia nayo humtisha vivyo hivyo.

Sababu ya pili bado inajadiliwa. Maji ni mazito mara 800 hivi kuliko hewa, kwa hiyo kupita ndani yake kunachosha. Mwaka 2012 mtafiti Ronald O'Dor wa Kanada, akitumia picha za ngisi zilizopigwa nje ya pwani ya Brazili, alionyesha kwamba kasi yao hewani ilikuwa mara 5 ya ile iliyowahi kupimwa majini kwa ngisi wanaofanana nao. Alitoa hoja kwamba huenda kuruka kunawapunguzia kazi wanapohama masafa marefu.

Lakini angani nako kuna hatari. Ndege wa baharini hula ngisi, na anayemkimbia jodari anaweza kuishia mdomoni mwa ndege. Wengine huangukia sitahani na kufia hapo. Ngisi anachagua hatari iliyo mbali kidogo ili akwepe ile iliyokwisha mfikia.

Je, wako kwetu?

Ndiyo. Aina moja ya ngisi warukao huishi katika Bahari ya Hindi, tangu Bahari ya Arabia upande wa Omani hadi mbali na pwani ya Afrika Mashariki. Mchana hushuka kilindini, usiku hupanda juu kutafuta chakula. Kwa kuwa anakaa bahari kuu, mvuvi wa ngalawa hakutani naye mara kwa mara. Ngisi wa miambani tunaowajua sokoni ni jamaa wa karibu wa yule aliyeonekana akiruka Jamaika.

Kwa hiyo, msikilizaji, mvuvi akikuambia kwamba ngisi alimwangukia chomboni usiku, usiharakishe kumcheka.