Mshipi wa Chini

Ilikuwa Februari 1989, kaskazi inaelekea ukingoni, nami nimo ndani ya mashua ya rafiki yangu nje ya miamba ya Malindi. Tulikuwa tukikokota chambo cha sehewa, tukitafuta nguru. Aliyekuja hakuwa nguru. Nduaro alidaka, akaruka mara mbili, akaelekea bahari kuu, na rili ya Mjomba ikaanza kulia.

Nasema rili kwa sababu ndivyo mabaharia wa mashua za wageni walivyokiita kile chombo: gurudumu la kuzungushia mshipi, lenye breki ndani yake, linalofungwa kwenye fimbo ya kuvulia. Mjomba alinipa yake macho yalipomwishia. Yeye naye alipewa mwaka 1964 na mgeni mmoja aliyekuwa akirudi kwao, na tangu siku hiyo hakuwahi kuifungua mpaka chini. Kila mshipi wa juu ulipochakaa alikata kipande, akaunga mpya, akaendelea na kazi. Nami nilifanya hivyo hivyo. Nilibadilisha mita mia mbili za juu nikaona nimemaliza.

Kwanza ukatoka huo wangu wa nailoni. Fundo likapita kwenye pete za fimbo, tak, ukafuata mshipi mweupe wa kusuka. Nikabana breki kidogo. Fundo la pili likapita, na sasa ukatokea mshipi wa kijivu, mkavu, wenye harufu ya kabati la zamani. Sikuwahi kuuona. Ulitoka labda mita ishirini, kisha fimbo ikanyooka.

Jioni nilikwenda kumwamkia Mjomba na kumpa habari. Hakuuliza samaki alikuwa mkubwa kiasi gani wala aliruka mara ngapi, maswali ambayo mvuvi yeyote angeanza nayo.

"Umekatikia wapi?"

"Chini kabisa, Mjomba. Kulikuwa na mshipi wa kitani."

Akanyamaza mpaka nikadhani amesinzia. Kisha akaomba maji ya kunywa, na maneno yakaishia hapo.

Miaka iliyofuata nilisoma kila nilichokipata kuhusu mishipi, na nikaja kuona kwamba nduaro yule alikuwa amenikunjulia historia kinyumenyume, kutoka mpya kwenda ya kale, mpaka ilipokatika.

Nianze na ile ya chini. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, mtu aliyekwenda kuvua samaki wakubwa kwa fimbo alitumia mshipi wa kitani. Kule Marekani kiwanda cha Ashaway, kilichoanzishwa na Lester Crandall katika jimbo la Rhode Island mwaka 1824, kilipata sifa kwa mshipi huo, na aina yake ikaitwa Cuttyhunk, jina la kisiwa cha Massachusetts ambako matajiri walikuwa na klabu ya kuvulia tangu 1864. Ubora wake ulipimwa kwa idadi ya nyuzi zilizosokotwa pamoja, kila uzi ukihesabiwa kuvumilia pauni 3 ukiwa umelowa. Mshipi wa nyuzi 39 basi ulikuwa wa pauni 117, karibu kilo 53. Mwaka 1898 Charles Frederick Holder alimtoa jodari wa pauni 183 kwenye maji ya kisiwa cha Catalina, California, kwa mshipi mwembamba wa kitani, na mwaka huo huo akaanzisha klabu iliyoweka sheria kwamba samaki apewe nafasi: mshipi usizidi nyuzi 24. Na Hemingway alipokuja kuvua Malindi mwanzoni mwa 1934, baada ya kumaliza kuwinda bara, zama zilikuwa bado ni za kitani. (Watalii bado huulizia habari za Hemingway. Sijasikia aliyeulizia nani aliyekuwa akimwanikia mshipi wake.)

Maana kitani kilihitaji mwanikaji. Kina tabia ya ajabu: kikilowa huwa na nguvu zaidi kuliko kikiwa kikavu. Lakini kikiachwa kimelowa kwenye gurudumu, joto na chumvi vikakipata, huoza kwa ndani huku nje kinaonekana kizima. Wazee wetu wa pwani walijua maradhi hayo ya nyuzi za mimea, ndiyo maana walichovya nyavu na mishipi yao ya pamba katika maji ya magome ya mikoko. Kwenye mashua za wageni dawa ilikuwa kazi ya mikono. Kila jioni mshipi ulikunjuliwa, ukasuuzwa kwa maji matamu, ukazungushwa kwenye fremu kubwa ya mbao ukauke, na alfajiri ukarudishwa. Kazi hiyo Mjomba aliianza mwaka 1957 akiwa kijana.

Mabadiliko yalitoka maabara. Wallace Carothers na wenzake katika kampuni ya DuPont walipata nailoni mwaka 1935. Ikatangazwa kwa umma mwaka 1938, lakini vita vilipokuja ikaenda kwenye miavuli ya kurukia. Mwaka 1941 Whinfield na Dickson wakagundua uzi wa poliesta, nao Wamarekani wakaja kuuita Dakroni na kuuuza kuanzia miaka ya hamsini. Huo ndio mshipi mweupe wa kusuka niliouona ukipita katikati. Hauozi, haunyumbuki sana, hauhitaji fremu wala kijana wa kuuanika. Hata chama cha kimataifa kinachotunza rekodi za uvuvi wa fimbo, IGFA, kilichoundwa mwaka 1939 kwa kuhesabu nyuzi za kitani, kikahamia kwenye hesabu ya pauni.

Sasa lile lililonichukua muda mrefu kulielewa. Kila mtu hutazama mshipi wa juu, kwa sababu ndio unaoonekana na ndio unaonunuliwa kwa bei. Ule wa chini huchukuliwa kama wa kujazia tu. Ni kweli unajazia, lakini fikiria gurudumu linavyofanya kazi. Breki hushika mhimili. Gurudumu likiwa limejaa, samaki huvuta kutoka mbali na mhimili, hivyo hulizungusha kwa wepesi. Mshipi unavyopungua ndivyo duara linavyokuwa dogo, na breki ile ile, pasipo mtu kuigusa, inakuwa nzito. Breki iliyopimwa kilo 5 gurudumu limejaa itavutwa kwa kilo 10 duara likibaki nusu. Ongeza uzito wa maji yanayokokota mamia ya mita za mshipi. Maana yake ni kwamba mshipi wa chini hauguswi na samaki mpaka siku ya taabu kubwa kuliko zote, na siku hiyo ndiyo unaopata mvuto mkubwa kuliko zote. Mvuvi mjuzi hapo hulegeza breki. Mimi niliibana.

Nilimpelekea Mjomba maelezo hayo kama mtoto anayepeleka cheti cha shule. Ndipo nilipojua kwa nini aliuliza alivyouliza.

Mwaka 1961, mwezi wa Machi, mgeni wa mashua aliyokuwa akiifanyia kazi alimkosa samaki mkubwa kwa namna hiyo hiyo: mshipi ulitoka karibu wote, mgeni akabana breki kwa nguvu, ukakatikia chini. Mwenye mashua alikuwa bado haamini mishipi mipya, alitumia kitani. Alikiokota kipande kilichobaki, akakivuta kwa vidole, kikakatika. Mjomba akafukuzwa kazi siku hiyo mbele ya watu gatini, akaitwa mvivu. Alikaa misimu miwili bila mashua. Kwa miaka karibu thelathini alikuwa akisema mshipi ule aliuanika.

"Kwa hiyo ilikuwa breki," alisema.

"Breki ilikuwa na sehemu kubwa, Mjomba."

Hakujibu, na mimi sikuongeza.

Wiki hiyo tuliifunga rili upya. Niliondoa kitani chote mpaka kwenye chuma, nikasuuza gurudumu kwa maji matamu na kulikausha. Kwa chini nilichagua Dakroni. Nailoni ingekuwa rahisi zaidi kwa bei, lakini nailoni huvutika, na ikizungushwa huku imevutika hukaza, ikabana gurudumu kama mkono unaofumba. Nikahakikisha haina nguvu pungufu kuliko ile ya juu, kwa sababu zilizokwisha kueleweka. (Miaka michache baadaye ilikuja mishipi myembamba ya nyuzi za Kiholanzi, yenye nguvu ya kushangaza, na hapo hesabu iligeuka: hiyo huteleza juu ya chuma, hivyo hupigwa kwanza mizunguko kadhaa ya nailoni ili ishike.)

Kiasi cha mshipi wa chini hakikadiriwi kwa macho. Nilizungusha kwanza nailoni ya juu, yote niliyotaka, kisha nikaunga Dakroni juu yake mpaka gurudumu likakaribia kujaa, nikakata. Halafu nikahamishia kwenye rili ya pili, na kutoka hapo kwenye ya tatu niliyoazima, na mwishowe nikarudisha kwenye ya Mjomba, ili Dakroni ikae chini na nailoni juu. Yeye alikaa barazani, kitambaa kimelowa mkononi, mshipi ukipita katikati ya vidole vyake ili ukaze sawasawa.

Tulikuwa tumefika katikati ya Dakroni aliposema, bila kugeuza uso:

"Siku moja sikuuanika. Ilikuwa usiku wa kuandama mwezi. Watu wanapiga kelele mwezi umeonekana, mimi nimeshika mshipi umelowa. Nikauacha, nikaenda nyumbani. Idi yenyewe hatukutoka. Tulitoka siku ya pili yake."

Niliendelea kuzungusha. Sikujua niseme nini, na mpaka leo sijui kama usiku mmoja huo ulitosha, au ilikuwa kazi ya breki, au mshipi wenyewe ulikuwa wa zamani kabla hajaushika. Mwenye mashua alikuwa amekwisha kufariki. Dakroni ikaisha, fundo la kuungia nailoni likaingia vidoleni mwake, naye akakaza kitambaa, mshipi ukasimama.

"Ngoja." Akalipapasa kwa ukucha, upande huu na upande ule. "Hili limekaa upande. Likate, lifunge tena."