Maelezo katika faili za ujenzi wa programu

Maelezo ni maandishi yanayowekwa katika faili la usanidi ili yasomwe na binadamu. Chombo kinachojenga programu huyaruka. Namna ya kuyaandika hutegemea lugha ya faili.

DHIS2, mfumo ulioanzia Chuo Kikuu cha Oslo na unaotumika kukusanya takwimu za afya Tanzania nzima, hujengwa upande wa seva kwa Maven. Faili lake, pom.xml, ni la XML, hivyo maelezo hufunguliwa kwa <!-- na kufungwa kwa -->. OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa uliokomaa Eldoret nchini Kenya, hutumia njia hiyohiyo. Ndani ya maelezo hayo vistari viwili havipaswi kufuatana, wala maelezo hayawezi kuwekwa ndani ya mengine. Anayetaka kuzima kwa muda kipande chenye maelezo tayari hunaswa hapo: Maven hulikataa faili zima.

Make, chombo cha mwaka 1976, hutumia alama ya reli (#), na Gradle hukubali mikwaju miwili (//). JSON haina maelezo kabisa. Katika package.json, faili la JSON la chombo cha npm, wengi huweka ufunguo wenye jina "//", ambao npm imeahidi kutoutumia.

Maelezo yenye manufaa hutaja sababu: kwa nini toleo fulani la maktaba limefungwa, na lini lifunguliwe. Kurudia kile ambacho mstari unasema tayari ni kazi bure.