Ushuru na Manufaa ya Halmashauri, Oldonyo Sambu

Oldonyo Sambu ni kata ya Halmashauri ya Wilaya ya Arusha, kando ya barabara ya Arusha–Namanga. Ushuru wa halmashauri hiyo hutozwa chini ya Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ya mwaka 1982. Mnunuzi wa mazao hulipa ushuru wa mazao. Kampuni hulipa ushuru wa huduma kulingana na mauzo. Kodi ya maendeleo ilifutwa mwaka 2003. Tangu 2017, mazao yasiyozidi tani 1 yanayosafirishwa kwenda halmashauri nyingine hayatozwi ushuru.

Kati ya mapato ya ndani ya halmashauri, asilimia 10 hukopeshwa bila riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa wenye ulemavu. Vikundi vyao huomba mikopo hiyo kupitia afisa maendeleo ya jamii. Kila mlipaji ushuru adai risiti.