Njia ya Clarksville hadi Nashville

Kutoka mji wa Clarksville hadi Nashville, katika jimbo la Tennessee kusini mwa Marekani, ni mwendo wa kilomita 80 hivi. Katikati ya miaka ya 1940 mama mmoja aitwaye Blanche Rudolph alikuwa akipanda basi kuifuata njia hiyo pamoja na binti yake mdogo, juma baada ya juma, kwa muda usiopungua miaka miwili. Walikaa viti vya nyuma, kwa sababu huko ndiko watu weusi walikotakiwa kukaa. Mguu wa kushoto wa mtoto ulikuwa umekonda na kupoteza nguvu, na wayo wake ulikuwa umeanza kupinda.

Mtoto huyo ni Wilma Rudolph, ambaye mwaka 1960 alishinda medali tatu za dhahabu za riadha mjini Roma. Wengi wetu tumewahi kusikia jina lake likitajwa mimbarani. Kwa kawaida habari yake husimuliwa mbiombio: alikuwa mlemavu, akaamini, akakimbia, akashinda. Mwenye kusikiliza hubaki na medali mkononi na hajui ziligharimu nini. Mimi naona tukae kwanza ndani ya lile basi, kwa maana miaka ile hakuna aliyejua litaishia wapi.

Wilma alizaliwa tarehe 23 Juni 1940, njiti wa kilo mbili hivi. Baba yake, Ed, alikuwa ameoa mara mbili, na Wilma alikuwa mtoto wa 20 kati ya 22. Baba alifanya kazi ya uchukuzi katika reli pamoja na vibarua vingine. Mama alifanya kazi za ndani katika nyumba za Wazungu. Mtoto hakuwa na afya hata kidogo. Aliugua nimonia, akaugua homa ya vipele vyekundu, na alipokuwa na umri wa miaka minne au mitano akapata polio.

Tuliokua zamani kidogo tunaijua polio kwa sura. Tunawakumbuka watu wa rika la wazazi wetu waliokuja kanisani kwa mikongojo, mguu mmoja mwembamba ukining'inia. Virusi vyake hushambulia mishipa ya fahamu katika uti wa mgongo, ile inayoamuru misuli ifanye kazi. Misuli isiyoamrishwa hulala, kisha hunyauka. Hisia hubaki, kwa hiyo mtoto anasikia maumivu yote lakini mguu haumtii. Wakati Wilma anaugua, chanjo haikuwapo. Ilitangazwa kuwa salama na yenye nguvu mwezi wa Aprili 1955. Familia ilichokuwa nacho kilikuwa maji ya moto, kukanda misuli na kufanya mazoezi, na hayo yote yalitaka mikono na muda.

Tena yalitaka mahali pa kwenda. Katika Marekani ya wakati ule hospitali nazo zilikuwa na rangi. Kituo mashuhuri cha wagonjwa wa polio kilikuwa Warm Springs katika jimbo la Georgia, kilichoanzishwa na Franklin Roosevelt, rais ambaye mwenyewe alipooza miguu. Kituo kile kilipokea Wazungu. Madaktari wengi walikuwa wakidai kwamba watu weusi hawapati polio kwa wingi, na dai hilo likawa sababu nzuri ya kutowajengea chochote, mpaka kituo cha watoto weusi kilipofunguliwa Tuskegee, Alabama, mwaka 1941. Clarksville kwenyewe huduma kwa watu weusi ilikuwa haba mno. Ndiyo maana Blanche alilazimika kwenda Nashville, kwenye chuo cha udaktari cha Meharry na hospitali yake.

Hapa niruhusu nirudi nyuma kidogo, ndugu msomaji, kwa kuwa chuo hiki ni tunda la kanisa. Kilianzishwa mwaka 1876 na chama cha Wamethodisti kilichosaidia watu walioachwa huru kutoka utumwani. Fedha za mwanzo zilitoka kwa ndugu watano wa ukoo wa Meharry, zaidi ya dola 30,000, ambazo kwa siku zile zilikuwa mali nyingi. Inasimuliwa kwamba mmoja wao, Samuel, alipokuwa kijana katika miaka ya 1820, gari lake la kukokotwa lililobeba chumvi lilikwama njiani usiku huko Kentucky. Familia moja ya watu weusi waliokuwa wametoka utumwani ikamkaribisha ndani, ikampa chakula na mahali pa kulala, na asubuhi wakamsaidia kulitoa gari. Hakuwa na fedha za kuwapa, akaahidi kwamba siku Mungu akimjalia atawatendea wema watu wao. Ilipita karibu nusu karne kabla hajaitimiza ahadi hiyo. Familia ile ilimfungulia mlango mgeni mmoja aliyelowa, na Blanche Rudolph alipofika Nashville na mtoto mgonjwa akakuta mlango uko wazi.

Naturudi kwa Blanche. Madaktari wa Meharry walimwonyesha jinsi ya kuukanda mguu, nao wakamwambia kwamba kazi hiyo lazima ifanyike nyumbani kila siku. Alifanya kazi siku sita kwa juma, na nyumba ilijaa watoto. Basi akawafundisha watoto wakubwa. Mguu wa Wilma ukawa unakandwa mara nne kwa siku, kwa zamu, na mama na kaka na dada zake. Ukipiga hesabu ya mara nne kwa siku kwa mwaka mmoja utapata 1,460. Sidhani kama katika hizo zote kulikuwa na hata moja ambayo mtu angeweza kusimama na kusema, tazameni, muujiza huu hapa. Injili ya Marko inatupa habari za watu wanne waliombeba mwenye kupooza hadi juu ya dari. Majina yao hayakuandikwa, wala hatuambiwi walitembea umbali gani kabla ya kuifikia nyumba ile. Nikisoma habari hiyo huwakumbuka wale ndugu wa Clarksville, watoto walioitwa kutoka kwenye mchezo waje wamkande mdogo wao.

Na Wilma mwenyewe? Baadaye maishani alisema kwamba madaktari walimwambia hatatembea tena, mama yake akamwambia atatembea, naye akaamua kumwamini mama. Watu hupenda sana neno hilo. Lakini tuangalie lilimtaka afanye nini. Hakuanza shule pamoja na wenzake. Alisomea nyumbani, akaingia darasani mwaka 1947 akiwa na miaka saba, katika shule ya msingi ya Cobb. Alivaa chuma mguuni kuanzia asubuhi hadi jioni, na kiatu kizito chini yake. Watoto wengine walimcheka. Wazazi wakitoka, alikuwa akivua kile chuma na kujaribu kutembea bila kuchechemea, huku ndugu zake wakiangalia mlangoni wazazi wasirudi ghafla. Huo utundu wake unanifurahisha. Imani ya mama ilimpeleka hospitalini, na imani ya mtoto ilimfanya avue alichopewa hospitalini kabla ya siku kufika.

Siku ilifika alipokuwa na miaka kama tisa na nusu. Alichagua kanisa. Jumapili moja akauacha ule chuma, akaingia ibadani akitembea kwa miguu yake mbele ya watu waliomjua tangu akiwa mtoto wa kubebwa. Ni lazima tuseme ukweli kwamba haikuwa mwisho wa mambo. Kwa kipindi fulani aliendelea kukivaa mara kwa mara mguu ulipouma. Alipofikisha miaka 12 ndipo mama yake alipokifunga kile chuma kwenye boksi na kukirudisha Nashville kwa posta.

Yaliyofuata yanajulikana, nami nitayapitia upesi. Katika shule ya sekondari ya Burt alicheza mpira wa kikapu, na mwalimu wake akambandika jina la Mbu, kwa vile alikuwa mdogo, mwepesi, na kila unapogeuka yupo. Mwamuzi wa mojawapo ya michezo hiyo alikuwa Ed Temple, kocha wa riadha wa chuo kikuu cha Tennessee State, naye akamwalika kwenye mazoezi ya likizo. Chuo hicho kiko Nashville. Mwaka 1956, akiwa na miaka 16, alipata medali ya shaba ya mbio za kupokezana vijiti mjini Melbourne.

Kuna jambo ambalo masimulizi ya kanisani mara nyingi huliruka, nami sioni sababu ya kuliruka. Mwaka 1958, akiwa anamaliza sekondari, Wilma alipata mtoto kabla ya kuolewa. Kocha Temple alikuwa na sharti kwamba hachukui wasichana wenye watoto. Kwa Wilma alilegeza sharti hilo. Familia nayo haikumtupa: jamaa zake waliubeba mzigo wa kumlea yule mtoto ili yeye aende chuoni. Kama kuna mahali ambapo upendo wa jamaa hii ulijaribiwa kuliko kwenye basi, nadhani ni hapa. Mtoto mgonjwa huhurumiwa na wote. Binti aliyewatia wazazi aibu mbele ya watu huhurumiwa na wachache.

Mwezi wa Septemba 1960, huko Roma, alishinda mita 100 kwa sekunde 11.0, muda ambao haukuandikwa kuwa rekodi ya dunia kwa kuwa upepo ulikuwa umezidi kiasi kinachoruhusiwa. Alishinda mita 200. Kisha akashinda mbio za kupokezana vijiti akiwa na wenzake watatu, wote wanafunzi wa Temple. Alikuwa mwanamke wa kwanza wa Marekani kupata dhahabu tatu za riadha katika Olimpiki moja. Michezo hiyo ndiyo ileile ambayo Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda marathoni akikimbia pekupeku.

Na mwezi huohuo, katika jiji hilohilo, siku chache baada ya wanariadha wa Olimpiki kuondoka, walifika wengine. Walikuwa wanamichezo 400 hivi kutoka nchi 23, waliokuja kwa viti vya magurudumu. Daktari Ludwig Guttmann, Myahudi aliyekimbia Ujerumani ya Hitler na kuwatibu askari waliovunjika uti wa mgongo huko Uingereza, ndiye aliyeongoza jitihada zilizowaleta. Michezo yao sasa inahesabiwa kuwa Paralimpiki ya kwanza. Nayataja haya kwa makusudi. Katika kila usharika wetu kuna mama aliyempeleka mtoto wake hospitalini safari nyingi kama za Blanche, akamkanda, akafunga na kuomba, na mtoto hajatembea. Tukimsimulia mama huyo habari za Wilma kana kwamba medali ndiyo jibu la maombi, tunamwambia bila kutaka kwamba maombi yake yalipungukiwa na kitu. Blanche alipopanda basi lile mara ya kwanza, na mara ya hamsini, alikuwa mzazi yuleyule ambaye angekuwa kama mguu usingepona kamwe. Wale 400 wa Roma nao walikuwa na mama zao.

Clarksville iliandaa mapokezi makubwa tarehe 4 Oktoba 1960. Kama ilivyokuwa desturi, weusi na Wazungu wangesherehekea kila watu mahali pao. Wilma akasema kwamba ikiwa ni hivyo hatakuja. Wakuu wa mji wakakubali, na maandamano yale pamoja na karamu ya jioni, iliyohudhuriwa na watu 1,100 hivi, yakawa shughuli ya kwanza ya mji huo ambayo watu wa rangi zote waliifanya pamoja. Fikiria mama aliyezoea kukaa kiti cha nyuma akiuona mji wake siku hiyo. Mambo hayakubadilika yote kwa usiku mmoja. Mwezi wa Mei 1963 Wilma alikuwa bado anaandamana pamoja na wengine kwenye mkahawa wa mjini humo uliokataa kuwahudumia weusi.

Mwaka huo alihitimu masomo ya ualimu Tennessee State. Akarudi Clarksville kufundisha katika shule ya msingi ya Cobb, ileile aliyoingia na chuma mguuni akiwa na miaka saba, na kuwafundisha riadha vijana wa Burt.

Baba yake alifariki mwaka 1961. Blanche aliishi hadi 1994. Muda mfupi baada ya kumzika mama yake, Wilma aligunduliwa kuwa na saratani ya ubongo, naye akafariki tarehe 12 Novemba mwaka huo, nyumbani kwake karibu na Nashville, akiwa na miaka 54. Ibada ya mazishi ilifanyika Clarksville, katika Kanisa la First Baptist.